Vidole vya Bi Mwanvua

Armelle Tuyizere alikuwa fundi wa simu na kompyuta pale Mwandiga, na kama kuna kitu alichojivunia, ni kwamba hajawahi kumwambia mteja akatupe mashine yake. Kwa hiyo Bi Mwanvua alipompigia kutoka Ujiji kumwambia laptopu yake imekuwa ya kuwashwa asubuhi na kuamka adhuhuri, alitia flashi mbili mkobani akaenda.

Bi Mwanvua alikuwa amestaafu miaka minne nyuma, baada ya kufanya kazi ya upigaji chapa maofisini tangu usichana wake. Sasa aliweka meza barazani kwake, akiwaandikia watu barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi na mihtasari ya vikao. Laptopu yenyewe ilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya giga mbili tu. Herufi za kibodi zilikuwa zimefutika zote, isipokuwa Q na X.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako huyo hapo. Fundi mwingine kaniambia nikanunue mpya."

"Wala. Tutaiwekea Linux, mfumo mwepesi wa kuiendesha, itaamka tu."

Armelle akamweleza kwamba juu ya Linux huwekwa deskitopu, yaani ile sura anayoiona mtu: menyu, madirisha, utepe wa chini. Deskitopu ziko nyingi, nzito kwa nyepesi, na mtu huchagua anayoitaka. Aliyasema hayo huku moyoni ameshachagua. Yeye mwenyewe alitumia GNOME, aliipenda kwa uzuri na utulivu wake, na alitaka mama wa watu naye apate kitu kizuri. Akaiweka. Madirisha yakawa yanafunguka taratibu kama mapazia.

"Mashallah," alisema Bi Mwanvua. "Ngoja niijaribu."

Armelle alidhani atabofya huku na kule. Bi Mwanvua akafungua ukurasa wa kuandikia, akanyoosha mgongo, akageuka kumtazama Armelle usoni, na vidole vyote kumi vikaanza kazi peke yao. Kibodi ililia kama mvua juu ya bati. Armelle hakuwahi kuona mtu akiandika namna ile. Kisha Bi Mwanvua akaacha, akaweka mikono mapajani. Kwenye skrini, herufi zilikuwa bado zinakuja, moja moja.

"Mimi nimemaliza. Yenyewe bado inaandika nini?"

Armelle akaona haya. Alipokagua, alikuta RAM imekwisha kuliwa zaidi ya nusu na deskitopu peke yake, kazi haijaanza.

Basi akaruka hadi upande wa pili kabisa. Akaweka Openbox, nyepesi kama unyoya: skrini tupu, haina utepe wala alama yoyote, ukitaka menyu unabofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Safari hii herufi zilikwenda na vidole sambamba. Armelle akarudi Mwandiga akijipongeza njia nzima.

Siku ya tatu simu ikaita.

"Mwanangu, mashine imezimika katikati ya mwaliko wa harusi. Umeme ulikatika tangu asubuhi, na mimi sikujua betri imebaki kiasi gani. Pa kutazama hapapo."

"Pole sana, mama. Ulikuwa umehifadhi?"

"Ukurasa wa kwanza tu. Majina ya wajomba yote yamekwenda." Kisha akaongeza: "Inakimbia, sikatai. Lakini umenipa nyumba isiyo na dirisha."

Hakugomba, na hilo ndilo lililomchoma Armelle. Mara mbili alikuwa amemchagulia mtu bila kumuuliza anafanyaje kazi yake. Kesho yake alirudi Ujiji, ila hakutoa flashi. Alivuta kiti akakaa.

"Mama, wewe fanya kazi zako. Mimi nitazame."

Akaja mzee mmoja, Thobias, anataka barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Akaja na mwingine, anataka nakala ya barua yake ya mwaka jana. Armelle aliona mengi ambayo asingeyapata kwa kupima RAM. Bi Mwanvua hakugusa kipanya ila pale ilipobidi. Saa aliitazama kila baada ya muda, asipitwe na swala. Na barua za zamani alizitafuta kwa jina la mteja, si kwa tarehe.

Ndipo akaweka Xfce, deskitopu ya katikati, si nzito wala si tupu. Utepe mmoja chini, wenye menyu, saa yenye tarakimu kubwa na betri inayoonyesha asilimia. Akazima vivuli vya madirisha na mikogo mingine yote. Kisha akapanga vitufe vya kufungua ukurasa mpya na folda ya wateja, mkono usitoke kwenye kibodi. Alipomaliza hakujisifia giga wala RAM. Alisogeza laptopu tu.

Bi Mwanvua akaandika upya majina ya wajomba wote wa yule bwana harusi wa mwaliko uliopotea, kwa kichwa, huku akimtazama Armelle. Alipoinua mikono, herufi nazo zilikuwa zimefika. Akatupa jicho chini: asilimia themanini na mbili.

"Ego, kama msemavyo 'ndiyo' kwenu ng'ambo ya mpaka," alisema, akacheka. "Hii ndiyo."

"Nikuwekee na picha, mama? Ninayo ya ziwa, niliipiga Kibirizi."

"Ziwa lenyewe si lile pale? Nikilitaka nasimama."

Wakaweka rangi ya kijani tupu. Bi Mwanvua akaingia ndani, akatoka na sahani ya ugali na migebuka, samaki wa ziwani, iliyoungwa kwa mawese, akamwambia asithubutu kuondoka na njaa. Mteja mwingine alikuwa amekwishaketi, na kibodi ikaanza tena. Armelle akanawa mikono, akala bila haraka, akisikiliza.