Nyigu Waliobaki Chilangala

Mwaka wanunuzi binafsi walipoanza kupandisha malori yao Newala kufuata korosho, kila mwenye panga pale Chilangala aliona kichaka kama shamba lililochelewa. Miti ilikatwa, ikachomwa, mikorosho ikapandwa. Msitu uliotanda toka ukingo wa bonde hadi nyuma ya msikiti ukabaki vipande vinne.

Sikudhani alivijua vipande hivyo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ya nyigu. Mtafiti mmoja kutoka Masasi, Bwana Erasto, alimpa kazi ya kuhesabu viota vyao kila mwezi. Watu walimcheka, mama wa watoto kuzunguka na daftari akitazama juu ya miti. Hakujali. Tangu utoto aliweza kuwatofautisha: weusi wadogo wa chini ya majani mapana, wa rangi ya kutu wanaofunika kiota chote kwa gamba jembamba kama karatasi, wenye mistari ya njano, wengine aina mbili wasiotoka kivulini, na wale wakubwa wa kiuno kirefu, wanaojenga popote, hata chini ya mapaa ya watu.

Miaka mitatu baadaye, kipande kikubwa kilikuwa na aina nne. Katika vile vidogo alikuta wa kiuno kirefu peke yao.

"Hawa hawahitaji msitu," Erasto alimweleza. "Wenzao wanataka kivuli na unyevu. Kipande kikiwa kidogo jua linaingia kila upande, na kuvuka mikorosho kwenda kipande kingine hawathubutu."

"Na wakiisha?"

"Hawa watapata nafasi, Mama Rahima."

Waliipata. Viota vilining'inia kwenye mikorosho, jikoni, mpaka chooni.

Kipande kikubwa kilikuwa cha marehemu baba yao, na baada yake kikawa cha Lukmani, mdogo wake Sikudhani. Alimwomba asikikate.

"Dada, nina watoto watano," Lukmani alisema. "Nyigu wako watawalisha?"

"Nakuomba msimu huu mmoja tu."

"Haya," Lukmani akasema. Tangu baba yao afe, hakuwahi kumkatalia dada yake neno.

Mwezi wa saba, kabla ya kupiga salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, Lukmani alipanda mkorosho wa karibu na nyumba kukata matawi makavu. Kiota hakukiona. Walimuuma wanne, labda watano. Mwanzoni mwa mwaka waliwahi kumuuma chini ya paa, akavimba uso siku mbili, akapona. Kwa hiyo hakuogopa; aliteremka mwenyewe, akakaa, akasema koo linamwasha. Sikudhani alipofika midomo ilikuwa imeshavimba. Walimpakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali, mmoja akiendesha, mwingine akikimbia nyuma akimshikilia. Hawakufika Newala.

Siku ya tatu ya msiba, mama yao alisema mbele ya watu, "Nyigu wa kile kichaka wameniulia mwanangu."

"Mama, si wa kichaka," Sikudhani alisema. "Kiota kiko kwenye mkorosho. Nimekwenda kukitazama."

"Unawatetea?"

Baba mdogo wa Sikudhani, aliyeitwa Jumanne, alikuwa ameshaagiza mafuta ya taa. Wanaume walisimama na mapanga, wakamgeukia Sikudhani, maana ndiye aliyejua viota vilipo. Wote pale walikuwa wamemlilia Lukmani. Angekataa, angebaki peke yake na ule msiba.

Akatangulia. Alinyoosha mkono kwenye jani pana, wakalimwagia mafuta na kuwasha. Alionyesha gamba la kijivu juu ya mti. Nyigu wa rangi ya kutu walitoka kidogo, wakarudi ndani kulinda watoto wao, na moto ukawakuta humo. Jioni upepo ulibadilika. Chilangala iko juu, hata maji ya kunywa huteremkiwa bondeni; hapakuwa na ya kuzimia msitu. Kichaka kiliungua siku mbili.

Erasto alikuja mwisho wa mwezi, akatoa pole kwa mama, kisha akatembea na Sikudhani kwenye majivu. Hawakukuta kiota hata kimoja.

"Niandike nini?" Erasto aliuliza.

"Andika tulichoma. Na andika mimi ndiye niliyewaonyesha."

Aliandika sentensi ya kwanza. Ya pili hakuiandika. Akamwambia kazi imekwisha, hakuna tena cha kulinganisha, na Sikudhani akamrudishia madaftari yake.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mama alimwita wakachimbe mashimo ya mikorosho pale palipoungua. Sikudhani alikwenda. Alisema shikamoo, mama akaitikia marahaba, wakachimba mpaka adhuhuri, kila mmoja mstari wake.