Kuupisha Ukurasa Mkubwa

Ijumaa ile Herieth alikuja kazini na begi lake la safari, akalisukumia chini ya meza asije akaulizwa maswali. Mama yake alikuwa hoi huko Masasi, ugonjwa wa kutoinuka tena, na ujumbe wa Gaspar, mdogo wake, kwa simu ya misheni ulikuwa mmoja tu: mama anakutaka. Basi lilikuwa linaondoka Mbagala kesho yake alfajiri. Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya, na kila mtu wa kusini anajua kwamba mvua ikishika, barabara inakatika Rufiji, na aliye Dar hukaa Dar.

Likizo alikuwa ameikosa miaka miwili kwa sababu ya kijinga kabisa: pale Temeke, kwenye shirika la mbegu, wengine wote walioijua kompyuta walikuwa wamepunguzwa. Safari hii bosi wake, Mzee Kamugisha, alikuwa amelegea. Alisema Herieth atoe kwanza kadi moja mbovu ya kumbukumbu iliyokuwa ndani ya kompyuta, kabla haijaangusha mtambo mzima, kisha aende zake.

Kuitoa bila kuzima mtambo kuliwezekana, mradi kadi iwe tupu. Kompyuta ile iliweka mambo yake kwenye kurasa, yaani mafungu ya kumbukumbu, na kurasa ndogo Herieth alizihamishia kadi nyingine kabla ya chai. Ukabaki mmoja, mkubwa kupita kiasi, wa programu iliyokuwa ikigawa mbegu za wilaya zote. Huo haukatwi vipande. Ulitaka nafasi tupu ya ukubwa ule ule, isiyokatizwa na kitu, na kila alipouamuru uhame, mtambo ulijibu kwamba nafasi hakuna. Kuzima kungefuta kazi ya wiki nzima, na wakulima wangeletewa mbegu mvua ikiwa imeshapita.

Nafasi ilikuwepo tele, ila ilikaliwa na ndoo. Ndivyo walivyoziita. Kama mitaani watu wanavyopanga ndoo tupu bombani na kurudi kulala, kila idara asubuhi ilifungua programu isiyofanya lolote, ya kushikilia zamu tu. Ndoo hapa, ndoo pale, na katikati vijinafasi visivyofaa kitu. Watu wazima, wana vyeti ukutani, wanacheza mchezo wa bombani.

Akaenda idara kwa idara kuwaomba waziondoe. Wengi waliondoa kwa kunung'unika. Marijani wa usafiri, mtu wa utani siku zote, siku hiyo hakutania. Shirika lilikuwa linauzwa, na wanunuzi walikuwa wanakuja Jumatatu kutazama nani ana kazi na nani hana.

"Dada Herieth, wakikuta idara yangu haimo kwenye mtambo, mie nimekwisha," alisema.

Herieth akamweleza habari za mama yake. Marijani akaiondoa ndoo yake.

Ikabaki moja, katikati kabisa, na ilikuwa ya Mzee Kamugisha mwenyewe, ambaye alishasahau kwamba aliiweka. Alicheka, akaifunga. Mchana ukurasa ukahama mzima mzima, na Herieth akaichomoa kadi kwa furaha. Aliimba. Kweli kabisa, aliimba peke yake katika chumba kile cha baridi.

Furaha yenyewe haikudumu. Kadi ilikuwa imetoka, na nafasi yake imekwenda nayo. Ukurasa mkubwa ulikuwa umekalia sehemu kubwa ya iliyosalia, na simu za idara zikaanza kulia moja baada ya nyingine: hakuna aliyeweza kufanya kazi mpaka mtu akae pale, amtoe huyu, amwingize yule, kutwa nzima. Akiondoka, ndoo zitarudi, zitabanana, na mtambo utasimama na mbegu zake. Kadi mpya ilikuwa inaagizwa Ulaya. Labda ingefika baada ya Krismasi.

Mzee Kamugisha alikuja akasimama mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkata Herieth maini.

"Sikushiki, binti yangu. Nenda. Ila niambie hapa nimkalishe nani."

Herieth akakitazama kitufe cha kuzimia. Laiti asubuhi angeiacha kadi ife yenyewe. Mtambo ungezimika bila kosa la mtu, na mtambo uliozimika hauna haja ya mtu wa kuukalia. Alijichukia kwa kuijua kazi yake. Kukibonyeza sasa lingekuwa jambo la mara moja, lakini mle ndani zilikuwemo mbegu za Masasi pia, za majirani waliokuwa wakimwuguza mama yake. Hakukibonyeza.

Jioni akapiga simu misheni. Gaspar alikuwa amekaa hapo hapo akisubiri kusikia habari za basi. Herieth akamweleza kwamba kesho hatasafiri, na kwa nini.

"Nitamwambia upo njiani," alisema.

"Usimdanganye mama."

"Basi nimwambie nini, dada?"

Nyuma yake idara nyingine ilikuwa inaomba nafasi. Herieth akamwambia Gaspar amwambie mama hivyo hivyo, kwamba yupo njiani.