Vidole vya Ukuta wa Kaskazini

Kila Jumatatu, siku ambayo nyumba ya Gavana Ambrose Peverell, sasa makumbusho, haipokei wageni, Corinne Peverell huwakata kucha watoto wa ukutani. Hubeba kigoda, taulo na mkasi mdogo wa kucha, na huanzia karibu na mlango wa jikoni. Vidole vimejitokeza kwenye matofali, kila kimoja pale pale mtoto fulani alipolishika tofali bichi kuligeuza likauke. Vingine ni vidogo mno. Hivyo huviachia mwisho, mkono wake ukishazoea.

Vilianza kuota mwaka ule paa lilipokarabatiwa. Kampuni ya bima ilimtuma mtu, akauliza kama vinauma, akaambiwa havina meno, akaenda zake. Kamati ya nyumba ikafunga kamba na kuweka kibao: vidole hivi ni vya wafanyakazi wa Gavana, tafadhali msivivishe pete. Wafanyakazi! Huku Virginia hakuna asiyejua kwamba walikuwa watumwa, tena wengine hawajang'oa hata meno ya utoto. Lakini neno hilo huharibu ladha ya chai, na wageni wa Gavana hupenda chai yao.

Gavana mwenyewe alikuwa mtu mkubwa. Alisaidia kuandika katiba ya jimbo, kisha akasimama barazani, matofali yakiwa bado mapya, akatamka maneno ambayo watoto wa shule hukaririshwa hadi leo: "Mtu aliyeilima ardhi ana haki ya kupumzika ndani yake." Alikuwa akimsema mfalme wa Uingereza, enzi zile Marekani ikipigania uhuru. Kila Aprili, siku yake ya kuzaliwa, mtu wa ukoo wake huisoma hotuba hiyo barazani pale pale. Siku hizi ukoo umebaki na Corinne tu.

Jumatatu moja ya Machi, Odessa Gaines aliingia kwa geti la nyuma. Odessa ni mwalimu mstaafu. Mama yake alikuwa mpishi wa nyumba hii, na yeye na Corinne walicheza pamoja kwenye ukuta huo tangu wadogo, vidole vikiwa bado ni alama tu.

"Unawakata kucha au unawachonga kama penseli?" aliuliza.

"Njoo ukate wewe basi, mwalimu. Kazi yako kusahihisha tu."

Odessa hakucheka. Aliketi kwenye ngazi. "Wendell amefariki. Ijumaa."

"Jamani, Odessa! Pole. Pole sana, shoga yangu."

"Kaka yangu alitaka alale na watu wetu. Aliniapisha."

Corinne hakuuliza watu hao wako wapi. Vidole vyote, tangu vilipoota, vimeelekea upande mmoja, kwenye maegesho ya mabasi. Zamani, kila majira ya kuchipua, mama yake Odessa aliwapeleka pale wote watatu, Odessa na Wendell wakibeba maua, Corinne akibeba kopo la maji. Kulikuwa na mawe ya mtoni yaliyosimikwa, hayana majina. Kisha baba yake Corinne akaleta greda, na baada ya greda ikaja lami.

"Kamati inakaa Alhamisi," Odessa alisema. "Sitaki unitetee. Waambie ulichokiona, basi."

"Nitawaambia."

"Corinne."

"Nimesema nitawaambia, wewe!"

Alhamisi kamati ilikaa kwenye chumba cha kulia, chini ya picha ya Gavana. Mwenyekiti, Bwana Holcombe, ni mtu mpole. Alimpa Odessa kiti cha karibu na moto na kummiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Bibi Odessa, msiba wako ni wetu. Lakini tukiivunja lami, mabasi yatakaa wapi mwezi ujao? Na pale hakuna hata jiwe moja."

"Na vidole je? Vinaonyesha nini?"

"Vinafuata jua," Bwana Holcombe alisema. Ukuta ule ni wa kaskazini, jua haliufikii. Wanakamati wakaitikia kwa vichwa.

Kisha akamgeukia Corinne. "Wewe ndiye uliyekulia hapa. Uliwahi kuona kaburi pale?"

Corinne aliona kila kitu upya: mawe, kopo, magoti ya Wendell yenye matope. Alimwona pia baba yake, kofia mkononi, akimwonyesha dereva wa greda pa kuanzia. Kusema ndiyo kulikuwa kumtaja baba mbele ya watu, halafu Aprili asimame barazani asome hotuba ile huku kila mtu akijua.

"Nilikuwa mdogo," alisema. "Sikumbuki."

Odessa aliweka kikombe mezani polepole. Corinne alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya kina Peverell ina lami, haipasuki hivi hivi.

Wendell alizikwa ng'ambo ya mto, katikati ya watu asiowajua. Corinne alipeleka maua. Yalirudishwa yalivyo.

Jumatatu iliyofuata alichukua mkasi wake. Alitarajia vidole vimkwepe au vimfinye, na angeshukuru. Vilinyooka kumngoja kama kawaida, na kile kidogo kuliko vyote kikamshika kidole gumba mpaka alipomaliza. Corinne alilia kwa aibu, akajifuta kwa taulo lao.

Aprili mabasi yalijaa maegesho. Corinne alisoma hotuba nzima na sauti haikumkwama hata mara moja, na hilo nalo likamtia haya usiku kucha. Watu walipiga makofi.

Baridi ilipoingia, vidole vilianza kuwa vya bluu, na wageni wakalalamika. Odessa alisikia. Alikuja na mfuko wa glavu za sufu alizofuma mwenyewe, kila moja ya kidole kimoja. Corinne alinyoosha mkono achukue ya kwanza.

"Wewe shika mfuko," Odessa alisema.

Corinne akashika mfuko. Odessa alivivalisha kimoja kimoja, akivisemesha kwa sauti ya chini kama mtu anayemfunga mwanawe vifungo vya koti asubuhi ya shule. Kila kimoja, kikishavaa, kiligeuka na kuelekea tena kwenye maegesho, ambako dereva mmoja alikuwa amewasha basi ili injini ipate moto.