Mbegu ya Msimu wa Pili

Arlene Voss alisaini mkataba wa kampuni ya mbegu miaka ishirini iliyopita, juu ya boneti ya pikapu, kama wakulima wa mahindi wa Iowa wanavyosaini kila msimu wa kupanda: bila kusoma. Nani asome kurasa arobaini na mvua inanyemelea? Kampuni iliyomuuzia mbegu ndiyo iliyomchoma sindano ya kuzaa bila mwanamume, kwa mkataba uleule. Akampata Britta, sura yake tupu, akaapa hakuna dume litakalokalia kiti cha jikoni kwake tena. Mume mmoja mwenye ngumi alimtosha.

Sasa Britta ana mimba ya miezi mitano. Hakuchomwa sindano, hakulala na mtu. Imeingia yenyewe. Na Bi Pruitt, wakala wa kampuni, ameketi mezani anakula pai ya tufaha, maana adabu ya watu wa huku ni ya kijinga. Humlisha hata anayekuja kuwanyang'anya.

"Kifungu cha tisa, Arlene. Huruhusiwi kupanda mbegu uliyovuna. Kwa mahindi unakijua."

"Huyu ni mjukuu wangu, si gunia!"

"Ulisaini. Akizaliwa, tunamchukua." Pruitt akajifuta mdomo. "Labda awe na baba. Mtoto mwenye baba hatumgusi bila idhini ya babake. Sheria ya jimbo."

Damu ilimchemka Arlene. Mama mzima yupo, bibi mzima yupo, hawahesabiki. Linatafutwa jina la mwenye ndevu! Lakini maji yalikuwa shingoni. Alimpigia simu Duane Tjaden, jirani aliyezoea kumtania mlangoni mwa kanisa: "Vipi, Arlene, kuku wako bado wanataga bila jogoo?"

Duane alifika na buti zake za matope.

"Mama, simtaki huyu," Britta alisema.

"Ni jina tu, mwanangu. Wino."

Fomu ya kumwandikisha baba ilitandazwa juu ya boneti ya pikapu. Arlene, mwenye mkataba, alisaini haraka kwa hasira. Duane hakuharakisha. Alivaa miwani, akalamba kidole, akasoma ukurasa baada ya ukurasa hadi mwisho, kisha akasaini. Pruitt akaondoka amenuna.

Arlene alishusha pumzi. Alipogeuka, Duane alikuwa ameshaingia jikoni. Kofia ameitundika, anavuta kiti.

"Asante, Duane. Sasa nenda nyumbani."

"Nitakwenda. Mwanangu anazaliwa lini?"

"Mwanao nani, we mzee?"

"Hukusoma ukurasa wa sita? Mtoto hukaa kwa baba. Mama atamtembelea Jumapili, baba akipenda." Akajikatia pai. "Kwangu nimeshamtengenezea chumba cha juu, kina dirisha zuri."

Arlene alishika kisu cha pai akamfokea atoke, akamtukana yeye na ukoo wake wote. Duane aliendelea kutafuna. Britta hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anamtazama mama yake, mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Mara mbili, Mama," alisema. "Mara mbili umenisaini bila kusoma."