Picha ya Katikati

Mimi ndiye mwanamke mzuri kuliko wote waliowahi kutundikwa ukutani katika nyumba ya mwanangu. Sitii chumvi. Ni kweli pia kwamba kabla yangu ukuta ule ulikuwa na kalenda ya duka la rangi tu, na kwenye kalenda yenyewe palikuwa na picha ya kopo.

Picha yangu ilipigwa studio, zamani nilipokuwa na kiuno. Nimesimama nyuma ya kiti, shingo nimeinyoosha kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Mkono mmoja nimeuweka juu ya kiti, wa pili nimeuficha nyuma yake. Mpiga picha ndiye aliyeniambia niufiche. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kulia kimepinda. Mlango wa stoo ulikibana nikiwa mdogo, kikapona kikiwa kinaelekea kwake na wenzake wanaelekea kwao. "Dada, ficha mkono huo," alisema, "la sivyo watu wataangalia kidole, wewe hawatakuona." Nikauficha, na tangu siku ile watu wananiona mimi.

Mwanangu alipohamia nyumba hii, msumari wa kwanza aliopigilia ulikuwa wangu. Juu ya kochi, katikati, uso kwa uso na mlango. Mgeni akiingia, kabla hajavua viatu nimeshamwona. Mwaka baada ya mwaka nilikaa pale juu nikitazama watu wanavyokunywa chai, na mimi wa chini nikakaa kwenye kiti changu pembeni nikiwatazama wanavyonitazama. Raha gani tena unataka duniani?

Sasa, mkamwana wangu nampenda. Chumvi yake haizidi, nikikohoa anauliza, na hata nikirudia hadithi anacheka pale pale pa kuchekea. Ana kasoro moja tu, na hata hiyo si ya kwake. Ana mama.

Mama yake huyo mimi namwita Bi Miwani, kimoyomoyo. Ana miwani mbili: moja iko machoni, nyingine iko kichwani inasubiri ya kwanza ichoke. Simu yake ni kubwa kama ubao wa kukatia vitunguu, na kutwa nzima yumo humo anachokoachokoa. Mkamwana wangu hufanyia kazi nyumbani, huchapa nyaraka za watu, na aliponunua printa yake, ile yenye kifuniko cha kutolea nakala, Bi Miwani alifurahi kuliko mwenye printa. Akawa anamtumia bintiye picha, simu ya mkamwana ikawa haiishi kulia. Ting! Ua. Ting! Majani. Ting! Jua linazama, au linachomoza, hata lenyewe halikuwa na uhakika.

"Siku hizi picha za ukutani hazinunuliwi, mama," mkamwana akanieleza. "Unazitafuta mtandaoni, unapakua bure, unachapisha mwenyewe, unatia kwenye fremu. Mgeni atadhani umetoa dukani."

"Bure?" nikasema. "Hata kunguni hupatikana bure."

Akacheka. Yeye hucheka, ndiyo shida ya kugombana naye.

Kabla ya kutoboa ukuta akakata magazeti kwa kipimo cha fremu, akayabandika kwa utepe juu ya kochi ili aone yatakavyokaa. Mimi nikashushwa. "Ni kwa muda tu, mama." Magazeti yalikuwa matatu: madogo mawili pembeni, na moja kubwa katikati. Nikayatazama, nikapiga hesabu zangu. Kushoto litakuja ua. Kulia yatakuja majani. Katikati, pakubwa vile, hapawezi kuwekwa mboga.

Nikauliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: "Hapo katikati atakaa mtu?"

"Ndiyo, mama. Mwanamke."

Niliona haya, jamani. Nikainama nikaokota uzi ambao haukuwepo. "Lakini si lazima pawe pakubwa hivyo," nikasema.

"Patapendeza, mama. Utaona."

Basi nikasubiri kuona. Printa ikawashwa, ikanguruma, ikakohoa mara mbili kama mzee anayetaka kuhutubia, kisha karatasi nene ikaanza kutoka polepole. Ikatoka nywele. Nikajisemea, mbona nywele zangu hazikuwa hivi? Ikatoka pua. Ikatoka midomo, ikatoka shingo, ikaisha. Ilikuwa mstari mmoja mweusi uliozungukazunguka mpaka ukawa mwanamke. Macho hana.

"Huyu mchoraji aliitwa mezani kabla hajamaliza?" nikauliza.

"Ndio mtindo wenyewe, mama. Mama yangu ndiye kaichagua."

Nilijua. Nani mwingine angekwenda kutafuta kipofu, kati ya picha zote za dunia, aje kukaa mahali pangu? Mkamwana akamlaza mezani akauke, akatukataza sote kupita karibu. Eti wino ukiwa mbichi unaganda kwenye kioo cha fremu. Mimi siku niliyohamia nyumba hii hakuna aliyenisubiri nikauke.

Nami nikatafutiwa makazi mapya: koridoni, kati ya mita ya umeme na mlango wa choo.

"Hapa kila mtu atakuona, mama," mkamwana akasema huku ananyoosha fremu yangu.

"Kweli," nikasema. "Kila aliyebanwa."

Mwanangu aliporudi kazini nikamvuta pembeni. "Baba, umeona ukuta?" Akasema umependeza. "Umeona koridoni?" Akasema koridoni nako kumechangamka. Mwanangu ni fundi wa lifti. Kazi yake ni kupandisha watu na kuwashusha, na yeye hamsikitikii hata mmoja.

Watu husema wivu ni moto. Wangu ulikuwa kokoto ndani ya kiatu. Nikikaa nausahau, nikiinuka tu kwenda chooni naukuta, na picha yangu naikuta pale pale mlangoni, inanitazama kama inaniuliza nimeifanyia nini. Halafu nikirudi ukumbini namkuta yule wa mstari ametulia kwenye fremu kubwa, na chini yake mkamwana yuko kwenye simu na mama yake, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wanacheka nini? Mimi mzaha wangu huchekewa kwa adabu, mara moja, kisha chai inaletwa. Ule ulikuwa mcheko wa watu ambao hawahitaji chai.

Ikaja habari kwamba Jumamosi Bi Miwani mwenyewe anakuja kuuona ukuta wake. Wake! Ndivyo mkamwana alivyosema, "anakuja kuona ukuta wake," wala hakung'ata ulimi. Nikaapa moyoni: mwanamke yule akikaa kwenye kochi la mwanangu akainua macho, yote manne, atakayemwona katikati ni mimi.

Jumamosi mwanangu alitoka alfajiri. Kuna lifti imekwama na watu wanalalamika. Mkamwana akatoka baadaye kidogo kwenda kununua vitu vya chai. Nikabaki mimi na printa, tunatazamana.

Nilikuwa nimemwona mkamwana akitoa nakala za nyaraka zake mara nyingi. Unafunua kifuniko, unalaza kitu kifudifudi juu ya kioo, unabonyeza penye alama ya karatasi mbili. Nikaitoa picha yangu kwenye fremu. Maskini, kukaa ndani miaka yote ile kumbe ndiko kulikokuwa kunainyoosha; ilipopata uhuru ikajikunja kama jani. Nikailaza, ikajikunja. Nikafunika, ikateleza. Nikafunua tena, nikaikandamiza kwa kiganja, nikabonyeza kwa mkono wa pili. Mwanga ukapita chini ya kiganja changu kama gari linapita barabarani.

Karatasi ikatoka. Mimi nilikuwa kwenye kona, mdogo kama stempu. Karatasi yote iliyobaki ilikuwa mkono. Mkono mkubwa, kila mstari, kila kucha, na mwishoni kile kidole kimekwenda zake. Nikaogopa kama nimekutana na mtu. Nikaichukua karatasi ile, nikaisukumiza chini ya mto wa kochi, nikarudi kazini.

Safari ya pili nikaibana picha kwa kifuniko kabla haijapata wazo la kuteleza, nikabonyeza alama ya kujumlisha, ile ya kukuza picha, mpaka ikakataa, kisha nikabonyeza ile ya karatasi mbili. Nikatoka mkubwa, ukurasa mzima, shingo na kiti na kila kitu. Tatizo lilikuwa moja, nilitoka mwekundu, kama mtu aliyesifiwa mbele za watu. Nikaona si vibaya. Nikapuliza wino ukauka, nikageuza fremu kubwa, nikakunja vile vibati vya nyuma, nikamtoa yule wa mstari nikajiingiza mimi. Yeye nikampeleka koridoni. Fremu yangu ya zamani ni ndogo, basi nikamkunja mara mbili. Ikabaki pua na mdomo. Mlinzi wa choo, macho ya nini? Ile picha yangu ya asili nikaiweka chini ya mto wangu wa kulalia.

Ndiyo kwanza nimekaa, nasikia geti, na sauti mbili zinacheka.

Bi Miwani akaingia kwanza. Akanisalimu, "Mkwe, hujambo?" nikajibu sijambo kwa sauti ya mtu ambaye kutwa hakuinuka kitini. Akaenda moja kwa moja kwenye kochi, akajitupa. Kochi likasema *krash*.

Hakusikia. Alikuwa ameshainua macho.

Jamani, nimeishi siku nyingi na nimeona mengi, lakini sijaona kitu kitamu kama sura ya Bi Miwani saa ile. Tabasamu alilokuja nalo likamfia mdomoni.

"Huyu si yule niliyemchagua," akasema.

Mkamwana naye akasimama na mfuko wa maziwa mkononi. "Mama! Nani kafanya hivi?"

"Nani tena?" nikasema. "Mumeo. Alfajiri, kabla hajatoka. Nilimsikia anahangaika na mashine. Nikamwambia, baba, acha, utachelewa kazini. Akasema, hapana mama, siwezi kwenda kazini mama yangu yuko mlangoni mwa choo."

"Yeye? Hata pa kuiwashia hapajui."

"Mapenzi ya mama yanafundisha, mwanangu."

Mkamwana akaitazama picha, nikaona anaumia kidogo kwamba mumewe hakumwambia, na hapo ningeweza kusema kitu. Lakini Bi Miwani alinitangulia, na alichosema sikukitegemea.

"Kwa hiyo mama wa mumeo katundikwa," akamwambia bintiye. *Krash*, kochi likaitikia. "Na mimi je? Mimi sikukutumia picha yangu?"

"Mama, tafadhali."

"Sikukutumia? Ile ya gauni la bluu? Tena mara tatu! Ukaniambia wino wa bluu umekwisha. Nikasema haya, labda umekwisha. Nikakutumia maua, nikakutumia majani, nikakutumia yule mwanamke, nikasema angalau atundikwe mwanamke niliyemchagua mimi." Akanigeukia, miwani zote mbili zinametameta. "Mkwe, wewe una bahati. Umezaa mtoto wa kiume."

Ndipo nikaelewa kwamba kokoto yangu ina pacha, na iko katika kiatu chake. Ningemhurumia. Lakini utamu ulikuwa umenipanda kichwani, nikaona si vizuri kuuacha upoe. Nikajimiminia chai, nikainua kikombe.

"Mtoto akilelewa vizuri, mkwe, haambiwi," nikasema. "Mimi sikumwomba. Wala sikumsaidia. Mashine ile naiogopa kama umeme. Toka iingie humu sijaigusa hata kwa kidole."

"Wino wa bluu kweli umekwisha," mkamwana akasema polepole, akiwa bado anaitazama picha. "Ndiyo maana mama kawa mwekundu."

"Umekwisha, umekwisha," Bi Miwani akasema kwa hasira, akajigeuza upande wa pili. *Krash*. Akajigeuza upande wa kwanza. *Krash*. "Na hili kochi lenu nalo mmelijaza nini, maganda?"

"Ni la zamani hilo," nikasema haraka. "Njoo ukae hapa kwangu, mkwe, pana upepo."

Hakuja. Alishatia mkono chini ya mto. Akavuta karatasi iliyojikunja, akainyoosha juu ya paja. Akaitazama kwa miwani ya machoni. Kisha akashusha ya kichwani, akaipachika juu ya ile ya kwanza, akaitazama tena. Mkamwana akasogea nyuma ya kochi, akachungulia juu ya bega la mama yake, na mfuko wa maziwa ukaanza kutetemeka. Alikuwa anajizuia kucheka.

Bi Miwani akainua macho taratibu, yote manne, lakini hayakwenda ukutani. Yalikuja kwenye kikombe changu, yakapanda kwenye mkono ulioshika kikombe, yakatulia mwisho wa mkono, ambapo kidole changu kilikuwa kimejitenga na wenzake kinaelekea dirishani.

"Mkwe," akasema, kwa upole ambao sijapata kuusikia kwake, "hebu weka kikombe chini kidogo."

Nikaweka. Nikainuka, nikazunguka nikasimama nyuma ya kiti changu, mkono wa kushoto juu yake, wa kulia nyuma, shingo nimeinyoosha, na uso, mkamwana aliniambia baadaye, ulikuwa mwekundu vilevile.