Lori Lisilosimama

Wenzake walipoangua kicheko, Honorine alijua jibu lake limekwenda mrama, ila hakujua ni wapi. Aliugeukia ubao, akalisoma swali upya. Lori moja linatoka Kolwezi kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa, jingine linatoka Fungurume kwa hamsini. Umbali ni kilomita mia moja na kumi. Yatakutana baada ya muda gani? Yeye alikuwa ameandika: saa tatu.

Darasa hili la watu wazima lilikuwa na sharti moja gumu. Atakayeshindwa ubaoni leo, jina lake halitapelekwa kwenye mtihani wa taifa mwaka huu. Mwaka jana Honorine alishindwa. Aliacha shule akiwa na mimba ya Tina, na sasa Tina mwenyewe anakaribia kumaliza. Cheti cha mtihani huo alikitaka kwa moyo wake wote, tena alitaka akipate kabla ya mwanawe, na wala hakuona haya kulisema hilo nyumbani.

Mwalimu Gracien hakucheka. "Mama Honorine, hizi saa mbili umeongeza juu, umepata wapi?"

"Ku barrière, tata. Camion yote inasimama pale. Bwana yangu ni chauffeur, mi najua. Siku ingine analalaka palepale."

"Na bugali, batakula wapi?" alidakia mwanafunzi mmoja wa nyuma. Darasa likacheka tena, na safari hii Honorine alicheka nao.

"Mu calcul hamuna barrière, mama," Gracien alisema, akiionyesha hesabu ubaoni. "Wacha camion ipite."

Honorine aliinua chaki. Tangu aolewe na Ntambwe, dereva wa malori, barabara kwake ilikuwa kungoja tu: chakula kinapoa mekoni, simu haishiki. Hakuwahi kufikiri kwamba ipo njia isiyo na kizuizi, isiyo na mtu wa kukuinulia mkono usimame. Alijumlisha mwendo wa malori yote mawili, akaugawanya umbali kwa jumla hiyo. Saa moja! Alimwona mumewe akipita kando ya vilima vya udongo wa migodi, dirisha wazi, kiwiko nje, hakuna anayempulizia filimbi.

"Njo ile," alisema Gracien. "Jina yako inaenda. Kaa, mama."

Honorine hakuketi. Alifuta ubao kwa kiganja, vumbi la chaki likamwagikia kitenge chake.

"Unipatie calcul ingine, tata," alisema. "Ya mbali."