Kupima Kivuli cha Bibi Theodora

—na kamba ikaisha, jamani! Mita hamsini zote zimenyooka mchangani, na kivuli cha bibi bado kinakwenda!

Yunisi, mwalimu aliyetoka chuoni mwezi ule ule, alibaki ameshika ncha ya kamba, hajui aandike nini kwenye daftari. Ilikuwa Jumapili ya Sabasaba, mwaka sabini na nne, uwanja wa maonyesho pembeni ya mji wa Singida. Banda lake lilikuwa la hesabu, jirani na la pamba. Kazi yake ni kuwaonyesha watu kwamba mtu anapimwa urefu bila kuguswa: unasimamisha fimbo ya mita moja, unapima kivuli cha fimbo, unapima cha mtu, unagawanya, basi.

Asubuhi ilianza vizuri. Antipasi, fundi baiskeli, alipimwa akatoka mita moja na nusu.

"Rudia, mwalimu. Mke wangu yupo hapa."

"Kivuli hakipokei rushwa, kaka."

Watu wakacheka. Ndipo akaja Bibi Theodora.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu. Nasikia hesabu yako haibishiwi. Nipime."

Vivuli vya wengine vilikuwa vimelala magharibi, kama saa tatu inavyotaka. Cha bibi kililala mashariki, kikalielekea jua, kikapita chini ya uzio na kuvuka barabara.

"Kinakwenda nyumbani," bibi alisema. "Tangu watuhamishe ndiyo tabia yake."

"Cha shemeji yangu nacho kilianza hivyo hivyo," Antipasi akasema. "Baada ya wiki mbili kikazoea."

Cha bibi kilikuwa na miezi minne. Alikuwa ameletwa kwenye kijiji kipya kinachopakana na uwanja. Nyumba zimepangwa mstari, ukikohoa jirani anasikia, lakini hakuna anayekuuliza umeamkaje. Utaratibu ulisema tembe, zile nyumba za zamani za udongo, zilizo ndani ya kilometa tano kutoka kijiji kipya zibaki, wenyewe waendelee kulima kule. Zaidi ya hapo zinabomolewa. Ya bibi iliandikwa kilometa kumi na moja, na hakuna aliyekwenda kupima.

"Nenda nacho mpaka mwisho," bibi alisema. "Mimi nasimama hapa hapa."

Yunisi aliazima baiskeli ya Antipasi, akafunga kitambaa chekundu kwenye spoki ya gurudumu la mbele. Mzunguko mmoja, mita mbili na sentimita ishirini. Akaisukuma huku anatembea, akifuata kivuli. Kivuli kilipita kwenye mabua ya mtama, kikapanda jiwe kubwa, kikashuka upande wa pili. Hakukutana na mtu. Alipita tembe saba zisizo na milango, akajikuta anahesabu kwa nguvu, ili angalau pawe na sauti.

Mzunguko wa elfu mbili, kivuli kikaisha. Kichwa kilikuwa kimeegemea kizingiti cha mlango, na kuku mmoja aliyesahauliwa amelala juu yake, maana palikuwa na ubaridi.

Mita elfu nne na mia nne.

Ndugu Melkizedeki, afisa aliyesimamia uhamisho, alikuwa banda kuu anakunywa chai. Alirudia hesabu mwenyewe, mara mbili.

"Umepiga sawasawa, mwalimu. Hongera."

"Kwa hiyo tembe inabaki?"

"Jalada linasema kumi na moja, na limeshapigwa muhuri. Trekta inakwenda kesho asubuhi." Akafunika kalamu. "Ila mwambie bibi asogeze kile kivuli. Kimelala barabarani."

Saa kumi jioni mabanda yalikuwa yanafungwa. Bibi alikuwa bado amesimama pale pale, peke yake katikati ya uwanja.

"Umefika?"

"Nimefika, bibi! Mlango umefungwa vizuri. Jiwe la kusagia lipo. Na kuku ametaga mayai manne."

"Kuku yupi? Yule mwenye kishungi?"

"Huyo huyo."

Bibi akacheka, mkono mdomoni. "Na hesabu?"

"Elfu nne na mia nne. Hata tano haijafika."

"Si nilisema! Na bwana mkubwa, amesemaje?"

Yunisi akainama, akamkung'uta bibi vumbi kwenye upindo wa kanga, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Ni maneno marefu, bibi. Twende kwanza ukapumzishe miguu. Mengine nitakueleza kesho."